Mama mkwe, magoti na mnara wa Kuwohi

SWALI: Kaka, habari za huko. Tunaishi Nashville, mimi, mume wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 6. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Marangu. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua hasa asubuhi akiamka, na anatumia dawa za presha. Anarudi nyumbani Januari. Tumeona picha za Clingmans Dome, ule mlima wenye mnara wa zege unaozunguka kama konokono, tukapenda tumpeleke. Wengine wanatuambia ni nusu maili tu, hata mtoto anapanda. Wengine wanasema nusura wazimie. Watoto wana likizo ya wiki moja Oktoba, ila mume wangu anaona tusubiri wiki ya Krismasi ili mama aone theluji. Unatushauri nini? Na je, mama ataufikia huo mnara?

JIBU: Dada, nianze na Desemba, kwa sababu hapo ndipo safari yenu ingeishia getini. Barabara inayopanda kwenda kwenye maegesho ya mnara, kama maili 7 (kilomita 11) kutoka Newfound Gap, pale barabara kuu inapovuka milima, hufungwa kwa magari kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 kila mwaka. Theluji iwepo isiwepo, geti linafungwa. Nasema kama mtu aliyeshaumbuka. Mwaka wangu wa kwanza Tennessee, nikiwa bado na kiburi cha kuongoza wageni Kilimanjaro miaka tisa, niliwapakia watu saba wa kanisani kwetu Jumamosi ya kwanza ya Desemba, sufuria la pilau nyuma ya gari, tukaenda kusimama mbele ya lile geti tukitazamana. Pilau tukalila Newfound Gap, limepoa, upepo unatunyang'anya sahani za karatasi. Kuna mzee mmoja wa msafara ule ambaye hadi leo akiniona huniuliza kama mlima umeshafunguliwa.

Kwa miguu barabara hiyo inapitika hata wakati wa baridi, lakini ni kilomita 22 kwenda na kurudi, na bado hujaigusa njia ya mnara wenyewe. Kwa magoti ya mama, hilo tuliache. Shemeji akitaka mama aone theluji, Newfound Gap iko mita 1,538 juu ya usawa wa bahari na gari linafika hadi pale, siku ambazo barabara kuu haijafungwa kwa barafu. Theluji yake ataipata huko Desemba. Mnara muupande Oktoba.

Jambo la pili ni dogo, lakini linaweza kuwachanganya barabarani. Mlima huo hauitwi tena Clingmans Dome. Tangu Septemba 18, 2024 jina lake rasmi ni Kuwohi, na ndilo mtakalolikuta kwenye vibao. Ni jina la Kicherokee, maana yake mahali pa miforosadi, na Wacherokee walikuwa wakiuita hivyo kabla Mzungu yeyote hajafika na vipimo vyake. Jina la Clingman lilibandikwa 1859 na mwanajiografia Arnold Guyot. Huyo Thomas Clingman alikuwa mwanasiasa wa North Carolina, baadaye akawa jenerali upande wa majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa. Kilichompa umaarufu milimani ni ubishi. Alibishana na profesa Elisha Mitchell kuhusu kilele kipi ni kirefu kuliko vyote upande huu wa nchi, na profesa akarudi mlimani mwaka 1857 kuhakikisha vipimo vyake, akaanguka kwenye maporomoko ya maji akafa. Kilele kirefu zaidi leo kinaitwa Mitchell, mita 2,037. Cha Clingman kina mita 2,025. Kwa hiyo mbishi alipewa mlima mfupi zaidi, kisha ukoo wa wenye mlima ukaudai jina lake la kwanza ukalipata. Ombi lilitoka kwa Wacherokee wa Mashariki wenyewe, ambao makao yao yako upande wa pili wa milima, chini ya Newfound Gap. Simu ikigoma kukuonyesha Kuwohi, jaribu jina la zamani.

Sasa hiyo nusu maili. Wote waliokuambia wamesema kweli, wa mtoto na wa kuzimia. Kutoka maegesho hadi chini ya mnara ni kama mita 800, na ndani ya hizo mita 800 unapanda mita 100. Maana yake kila mita nane unazokwenda mbele, umepanda moja juu. Ukitaka kulipima kwa jengo, ni kama kupanda ghorofa 33 kwa ngazi, ila ngazi zenyewe zimenyooshwa zikawa mteremko mmoja mrefu usio na sakafu ya kupumzikia. Kwa kulinganisha, njia ya viti vya magurudumu kwenye majengo ya umma Marekani hairuhusiwi kuzidi mita moja kwa kumi na mbili. Ndiyo sababu hifadhi yenyewe, ya Great Smoky Mountains, inasema njia hii haifai kwa viti vya magurudumu. Kigari cha kusukumia mtoto kinapita, lakini anayesukuma atajuta.

Na kuna kitu ambacho takwimu hazikisemi. Njia hii imewekwa lami. Kilimanjaro njia yenyewe inakufundisha adabu: kuna mawe, mizizi na vumbi, mguu unatafuta pa kukanyaga, na bila kutaka unakwenda pole pole. Hapa lami inakuita mbio. Watoto wanachomoka, baba anawafuata, mama anamfuata baba, na mita 200 baadaye ukoo mzima umeshika viuno unatafuta benchi. Hao ndio wanaorudi Nashville kusema walitaka kuzimia. Walioshindwa na urefu wa mlima ni wachache sana. Wengi walishindwa na mwendo wa dakika tano za mwanzo.

Kuhusu hewa nyembamba, msiwe na wasiwasi. Maegesho yako kama mita 1,920, karibu sawa na geti la Marangu la kupandia Kilimanjaro, pale wagumu, yaani wabeba mizigo, wanapopimiwa mizigo. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500 hivi. Mama mkwe wako anaishi Marangu, chini tu ya geti hilo, na nadhani mapafu yake yatawashinda ninyi mliozoea tambarare ya Nashville. Kazi yake ni magoti na moyo.

Kwa hiyo mpandisheni hivi. Yeye ndiye atangulie, na asiruhusiwe mtu yeyote kumpita, hata huyo wa miaka sita. Kipimo cha mwendo ni maneno: awe anaweza kusimulia habari za nyumbani bila kukata sentensi katikati. Sentensi zikianza kukatika, mmekwenda kasi. Kuna mabenchi njiani, na kila benchi akae, hata akisema hajachoka. Pumziko la kabla ya kuchoka ni dakika mbili, la baada ya kuchoka ni robo saa. Lami ni pana, na watu wakiwa wachache anaweza kupanda kwa kukatisha, kutoka ukingo huu hadi ule, kama ng'ombe wanavyopanda kilima. Njia inarefuka kidogo, mwinuko unapungua, goti linashukuru. Mtu mzima mwenye afya hufika kwa dakika 20 au 25. Mama mpeni saa nzima.

Umesema magoti yanauma hasa asubuhi, na mimi hapa chini nitawashauri mwende asubuhi, kwa hiyo tulipatanishe hilo. Akiamka anywe chai, atembee kidogo hotelini kabla ya kuingia garini. Mkifika maegesho msianze kupanda moja kwa moja, kwa sababu ameshakaa garini karibu saa nzima na goti limeganda tena. Eneo la maegesho ni refu na lina mandhari yake. Mzungusheni pale dakika kumi, apige picha na wajukuu, ndipo mwanze. Dawa za presha anywe kama kawaida, na kabla ya safari aulizwe daktari wake kama mpando wa namna hii unamfaa; hilo mimi siwezi kulijibu. Akisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au pumzi isiyorudi baada ya kukaa, mnageuka hapo hapo.

Watu wengi husahau kwamba goti huumia zaidi kwenye kushuka. Nunueni fimbo mbili za kutembelea, za bei ya chini zinatosha, mzirefushe kidogo wakati wa kushuka. Hatua fupi, goti lisinyooke hadi mwisho, na asiegemee mbele. Kushuka nako mpeni muda, msidhani kwa kuwa mmemaliza kupanda kazi imekwisha. Viatu viwe raba zenye soli inayoshika. Lami ile ikilowa na majani ya Oktoba yakilala juu yake inateleza.

Mnara wenyewe mama ataupenda kuliko njia. Hauna ngazi hata moja. Ulijengwa 1959, wakati serikali ya Marekani ilipokuwa ikikarabati hifadhi zake zote kwa mpango ulioitwa Mission 66, ukachukua nafasi ya mnara wa mbao wa miaka ya 1930. Mchoraji wake, Hubert Bebb wa Gatlinburg, aliutundika juu ya nguzo, akazungusha barabara ya zege yenye urefu wa mita 114 inayopanda taratibu hadi jukwaa la duara, mita 13.7 juu ya ardhi. Wakati ule wapo waliosema ni kitu cha mjini kilichopotea njia msituni. Mimi naupenda. Mwinuko wake ni ule ule wa njia mliyopanda, lakini kuna ukingo wa kushika mkono wote, na kila ukizungusha mwili unaona upande mwingine wa dunia, kwa hiyo unapumzika bila kujua. Mtu akifika chini ya mnara, atafika juu. Sijamwona aliyekwama hapo.

Mtauliza kwa nini kilele kijengewe mnara. Jibu ni kwamba kilele kimefunikwa na miti. Bila mnara ungesimama mahali pa juu kabisa Tennessee usione chochote zaidi ya matawi.

Na hapa ndipo kwenye swali ambalo hukuniuliza, nalo ndilo kubwa kuliko yote: mawingu. Watu wanapiga hesabu ya maili na magoti, kisha wanafika juu wanakuta weupe mtupu, kama mtu amefunikwa shuka. Kilele cha Kuwohi hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua na theluji kwa mwaka. Ni msitu wa mvua wa miti ya baridi, na wingu ndilo linaloulisha. Siku nzuri kabisa unaweza kuona zaidi ya kilomita 160. Siku za kawaida ukungu na moshi wa viwanda na magari hupunguza sana, ingawa hewa ya huko imekuwa safi zaidi kuliko miaka ya 1990. Hata ule ubuluu mnaouona kwenye picha, ulioipa milima jina la Smoky, unatokana na hewa zinazotolewa na miti yenyewe, zikichanganyika na mwanga na unyevu.

Kwa hiyo chagueni siku kwa kuangalia anga, mkiwa na siku mbili au tatu mkononi. Hilo ndilo jema la likizo ya Oktoba. Lalani usiku miwili Gatlinburg, Pigeon Forge au upande wa mji wa Cherokee, na kila asubuhi angalieni kamera ya hifadhi kwenye intaneti kabla hamjatoka. Chini kukiwa na ukungu msikate tamaa haraka. Mara nyingi vuli ukungu hulala mabondeni na vilele vinatoka juu yake kama visiwa. Wanaoishi chini wanalalamika kuna giza, na ninyi mko juu ya mnara mnatazama bahari nyeupe. Asubuhi pia maegesho yana nafasi. Ifikapo saa nne, hasa Jumamosi na Jumapili za Oktoba ambapo majani yanabadilika rangi, magari yanajipanga barabarani. Hii ndiyo hifadhi ya taifa inayotembelewa kuliko zote Marekani, ziara milioni 12 hivi kwa mwaka, na Oktoba mtahisi kama zote zimekuja siku yenu. Nendeni Jumanne au Jumatano.

Mkisikia radi, mnara si mahali pa kusimama. Hilo ni la mchana wa kiangazi zaidi kuliko Oktoba, ila watoto walijue.

Baridi mjiandae nayo. Kati ya Gatlinburg na kilele kuna tofauti ya mita 1,600, na joto hushuka kwa nyuzi 6 hadi 11. Mkiacha nyuzi 15 mjini, juu mtakuta kama 5, na upepo juu yake. Mama avae suruali ya joto ndani, jaketi la kuzuia upepo nje, kofia ya sufu, na kitenge cha kujifunga akikaa benchi. Wagumu wana msemo wao kwamba baridi inaingia ukikaa, na ni kweli.

Njiani watoto watauliza kwa nini miti mingi imekufa imesimama, mieupe kama mifupa. Ni miti ya Fraser, jamii ya misonobari, ile ile inayouzwa Desemba kama mti wa Krismasi. Mdudu mdogo jamii ya vidukari, aliyeingia kutoka Ulaya, aliivamia milima hii na kuua sehemu kubwa ya miti mizima. Kuna miche inayokua chini yake. Kumbusheni watoto wasiivute.

Kuhusu dubu, wapo, wale weusi, na wakati wa vuli wanakula bila kupumzika wakijiandaa kwa baridi. Sheria ya hifadhi inakataza kumsogelea dubu ndani ya yadi 50, kama mita 45. Msiache chakula wazi wala ganda la ndizi njiani. Huyo wa miaka sita mwambieni hadithi wanayosimulia Wacherokee: kwamba Kuwohi ndipo anapoishi Dubu Mweupe, chifu wa dubu wote, na kabla ya kuingia mapangoni kulala msimu wa baridi, dubu hukusanyika hapo wakafanya baraza na kucheza ngoma. Na mahali fulani karibu kuna ziwa ambalo wawindaji hawalioni, dubu aliyejeruhiwa akioga humo anapona. Mtoto akipanda akilitafuta hilo ziwa, hatalalamika miguu.

Mambo ya pesa ni mepesi. Kuingia hifadhini ni bure. Ila gari likisimama zaidi ya dakika 15 mnahitaji kibali cha kuegesha: dola 5 kwa siku, 15 kwa wiki, 40 kwa mwaka. Kiwe karatasi iliyowekwa garini, picha kwenye simu haikubaliki. Mafuta jazeni mjini, ndani ya hifadhi hakuna kituo. Maji mbebe yenu. Vyoo tumieni vya maegesho kabla ya kupanda, juu hakuna. Mtandao wa simu ni wa kubahatisha, kwa hiyo kubalianeni mapema mtakutana wapi.

Shemeji, kama nusu maili haimtoshi, ana njia mbili. Njia ndefu ya Appalachian, ile ya kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine, inapita karibu kabisa na mnara, na hapo ndipo mahali pake pa juu kuliko pote. Anaweza kushushwa Newfound Gap akatembea kama kilomita 13 hadi Kuwohi, ninyi mkampokea, ila hiyo ni nusu siku nzuri na mama atamsubiri kwenye baridi. Mimi ningempa Andrews Bald: anaanzia maegesho yale yale, kama kilomita 2.9 kwenda, hadi uwanda wa nyasi mlimani usio na miti. Kwenda anashuka, kurudi anapanda, na huyo wa miaka 11 anaweza kwenda naye. Ninyi wengine mtakuwa mmeshashuka mnaota jua.

Ratiba basi. Mkitoka Nashville, mkishapita Crossville kabla ya Knoxville saa ya simu itaruka mbele saa moja. Msishangae kuchelewa chakula cha jioni. Asubuhi yenu tokeni Gatlinburg saa kumi na mbili na nusu, giza bado. Mtafika maegesho kunapambazuka. Chupa ya chai ya tangawizi ifunguliwe pale pale, mama azungushwe, mwanze kupanda jua likitoka. Saa tatu kasoro mtakuwa juu. Vibao vya kwenye jukwaa vinataja vilele vinavyoonekana. Upande wa kusini tafuteni maji ya ziwa Fontana, lililotengenezwa na bwawa la 1944. Upande wa kaskazini mashariki, mlima LeConte.

Nilishampandisha hapo mzee mmoja kutoka Machame. Alizunguka jukwaa lote, akasoma vibao, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa mlima wenyewe uko wapi?" Mama naye akiuliza hivyo, mwambieni amesimama juu ya Tennessee yote, na bado yuko karibu mita 700 chini ya kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro.